Wavulana wa Sauti ya Kwanza

Katikati ya Machi 1700, vijana wawili waliondoka Ohrdruf, mji mdogo wa Thuringia katikati ya Ujerumani, wakashika njia ya kaskazini. Mbele yao kulikuwa na zaidi ya kilomita 300, na inaaminika kwamba sehemu kubwa waliikata kwa miguu. Mmoja aliitwa Georg Erdmann. Mwenzake alikuwa yatima, Johann Sebastian Bach. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 1694, baba yake akamfuata haukupita mwaka, na tangu hapo kijana alilelewa na kaka yake mkubwa aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa. Nyumba ya kaka ilikuwa inajaa watoto, na nafasi ya mdogo wake ilikuwa inapungua.

Mali aliyoibeba Bach ilikuwa kooni. Huko Lüneburg, shule ya Mtakatifu Mikaeli ilikuwa inawapokea wavulana maskini wenye sauti nzuri, ikawasomesha na kuwalisha, na kuwapa posho kidogo kwa kuimba ibadani. Alitimiza miaka 15 tarehe 21 Machi, huenda akiwa bado njiani. Alipofika alisikilizwa, akapendwa, akaingizwa kwenye kwaya kama mwimbaji wa sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa.

Haikuchukua muda. Simulizi ya kilichotokea imo katika wasifu uliochapishwa mwaka 1754, miaka minne baada ya kifo chake, ulioandikwa na mwanawe Carl Philipp Emanuel pamoja na mwanafunzi wake wa zamani Johann Friedrich Agricola. Siku moja, akiwa anaimba kwayani, pamoja na noti ya juu aliyokusudia kuitoa ikasikika nyingine chini yake, noti ileile oktava moja chini, bila yeye kutaka wala kuelewa. Kwa siku nane hakuweza kuimba wala kuzungumza isipokuwa kwa sauti hizo mbili pamoja. Baada ya hapo sauti ya juu ikaondoka, na haikurudi tena.

Shule haikumfukuza. Alikuwa hodari wa kinanda na fidla, na kwaya yoyote huhitaji watu wa namna hiyo. Lakini mkataba uliomtoa kwao, ule wa sauti kwa chakula, ulikuwa umevunjwa na mwili wake mwenyewe. Mvulana huyu alikuja kuwa mtunzi ambaye wengi wanamweka juu ya wote katika muziki wa kanisa la Ulaya, na kwa miaka 27 kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wavulana wengine wakipoteza kile alichokipoteza yeye.

Msomaji aliyezoea kwaya zetu za Afrika Mashariki, ambako sauti ya kwanza na ya pili ni za akina mama na mabinti, anaweza kuuliza kwa nini kanisa zima liutegemeze muziki wake juu ya watoto. Jibu liko katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, inayowataka wanawake wanyamaze katika makusanyiko. Kwa karne nyingi makanisa ya Ulaya yaliisoma sura hiyo kama marufuku ya mwanamke kuimba katika kwaya ya ibada. Watawa wa kike waliimba ndani ya nyumba zao, lakini katika kanisa kuu, mbele ya watu, noti za juu zilibaki kazi ya wavulana. Muziki ulipozidi kupanuka katika karne ya 15 na 16, watunzi wakaongeza sauti ya nne, ya tano, hata ya nane, na ile ya juu kabisa ikapewa mapambo na madaha ambayo mtoto alihitaji miaka kuyamudu. Kwa hiyo sehemu ngumu kuliko zote iliwekwa mikononi mwa waimbaji ambao walimu wao walijua, tangu siku ya kwanza, kwamba watawapoteza.

Kinachotokea kooni tunakijua vizuri sasa. Kabla ya kubalehe, zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, la mvulana na la msichana hayatofautiani sana. Anapozungumza, nyuzi za sauti za mtoto hutetemeka karibu mara 250 kwa sekunde. Kisha korodani huanza kutoa homoni ya testosteroni kwa wingi, na zoloto ni kati ya viungo vinavyoiitikia upesi. Gegedu zake hukua, ile ya mbele ikasogea na kuonekana shingoni kama kikoromeo, na nyuzi zilizofungwa ndani yake zikarefuka na kunenepa. Uzi mrefu na mnene hutetemeka polepole, na mwanaume mzima huzungumza kwa mitetemo 100 hadi 130 kwa sekunde. Hiyo ni karibu oktava moja kamili chini ya mtoto aliyekuwa. Nyuzi za msichana nazo hukua, ila kwa kiasi kidogo, na sauti yake hushuka kwa noti chache tu.

Misuli inayozivuta nyuzi hizo, pamoja na ubongo unaoiamuru, ilijifunza kazi katika koo dogo. Koo linapokua kwa kasi, amri za zamani hazifiki tena pale zilipokuwa zinafika. Kijana anakusudia noti moja, nyuzi zinakamatana kwa namna nyingine, na sauti inaruka juu au inaanguka chini katikati ya neno. Aristotle aliliona jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akaandika kwamba sauti za wavulana huanza kukwaruza na kuyumba karibu na umri wa miaka 14. Alilihusisha na kukomaa kwa mwili, na alikuwa sahihi, ingawa hakuwa na njia ya kuziona nyuzi zenyewe.

Kwa tatizo hilo la sauti kuvunjika, Italia ilipata jibu la kutisha. Mvulana akihasiwa kabla ya kubalehe, testosteroni haiji, na zoloto hubaki dogo. Mwili wake, hata hivyo, huendelea kukua, mara nyingi kuliko kawaida, kwa sababu homoni zinazofunga ukuaji wa mifupa zimekosekana. Matokeo yake ni mtu mzima mwenye kifua kipana na pumzi nyingi zinazosukuma nyuzi za mtoto. Kufikia mwaka 1599 waimbaji wa namna hiyo walikuwa wamekwisha kupokewa rasmi katika kwaya ya Kanisa la Sistina, nyumbani kwa Papa. Katika karne mbili zilizofuata Naples, kwa vyuo vyake vinne vya muziki vilivyoanzishwa kama nyumba za mayatima, ilifundisha wengi wao. Carlo Broschi, aliyezaliwa Andria mwaka 1705 na kujulikana kote Ulaya kama Farinelli, alitajirika kwa sauti hiyo, na mwaka 1737 akaenda Hispania kumwimbia Mfalme Philip wa Tano aliyekuwa amezidiwa na huzuni.

Farinelli mmoja anakumbukwa. Wale ambao walihasiwa na sauti ikatoka ya kawaida tu hawana vitabu. Walibaki bila jukwaa, bila ruhusa ya kuoa katika kanisa lililowatumia, na bila uwezo wa kupata watoto. Upasuaji wenyewe ulikuwa kosa kwa sheria za kanisa na za serikali, na hilo halikuuzuia. Charles Burney, mwandishi wa historia ya muziki kutoka Uingereza, alizunguka Italia mwaka 1770 akiuliza ulikofanyika. Milan walimwambia ni Venice, Venice wakamwambia ni Bologna, Bologna wakakana na kumwelekeza Florence, na kila alikokwenda alionyeshwa mji mwingine. Familia zilidai mtoto aliugua, au alianguka, au alijeruhiwa na mnyama. Nimesoma maelezo mengi yanayosifu uzuri wa sauti zile, na siwezi kuzisoma sifa hizo bila kufikiri kwamba aliyeamua hakuwa kamwe yule aliyekatwa. Aliyekatwa alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa.

Njia hiyo haikushika mizizi Uingereza, lakini huko nako hofu ya kukosa sauti za juu ilikuwa kubwa. Katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Wapuritani walizivunja kwaya za makanisa makuu. Charles wa Pili aliporudi kutawala mwaka 1660, kanisa la mfalme lilikuwa na nyimbo lakini halikuwa na wavulana waliofundishwa. Mtunzi Matthew Locke alieleza baadaye kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja sehemu za juu zilishikwa na tarumbeta za mbao na wanaume waliobana sauti. Nahodha Henry Cooke akapewa kazi ya kukusanya watoto na kuwafundisha upya. Miongoni mwa waliopita katika kwaya hiyo ni mtunzi Henry Purcell, na kumbukumbu za ikulu za mwaka 1673 zinaonyesha sauti yake ilipobadilika akiwa na miaka kama 14 alipewa nguo, na pia akawekwa kuwa msaidizi wa John Hingeston, mtunzaji wa ala za mfalme. Huo ulikuwa utaratibu wa kistaarabu: mtoto ametumika, ametoka, anasaidiwa kusimama.

Vienna haikuwa hivyo kila mara, na hakuna mahali habari zake ziko wazi kuliko katika maisha ya mtunzi Joseph Haydn.

Alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, mtoto wa fundi wa magurudumu. Karibu na mwaka 1740 Georg Reutter, kiongozi wa muziki wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, alimsikia akiimba, akamchukua mjini. Haydn mwenyewe aliwasimulia waandishi wa wasifu wake uzeeni maisha ya nyumba ile ya wanakwaya: kuimba asubuhi na jioni, mafunzo machache ya utunzi, na chakula kisichotosha. Alijitahidi aimbe vizuri ili aalikwe kwenye karamu za matajiri, kwa kuwa huko wavulana walipata chochote cha kutia tumboni. Siku moja, walipopelekwa Schönbrunn wakati jumba la kifalme linajengwa, alipanda jukwaa la mafundi ingawa Malkia Maria Theresa alikuwa amekataza, na malkia akaagiza achapwe.

Mwaka 1745 mdogo wake Michael aliingia kwaya hiyohiyo. Sauti ya Michael ilikuwa safi zaidi na pana zaidi, na Joseph alikuwa anakaribia umri wa hatari. Alipofika miaka 16 watu walianza kusikia sauti ikipasuka. Malkia, inasimuliwa, alimlalamikia Reutter kwamba mvulana yule haimbi tena, anawika kama jogoo. Reutter akaelewa. Kwenye sikukuu ya Mtakatifu Leopold, huko Klosterneuburg, wimbo aliokuwa akipewa Joseph alipewa Michael, naye akauimba kwa namna iliyomfanya malkia ampe dukati 24 za dhahabu. Jaribu kumfikiria kaka mtu, amesimama palepale kwayani, akisikia mahali pake pakijazwa vizuri kuliko alivyopajaza yeye.

Kuna habari nyingine ya miaka hiyo, aliyoiandika Georg August Griesinger aliyeongea na Haydn mara nyingi. Reutter, kwa kutotaka kuipoteza sauti, alipanga kijana ahasiwe kama Waitalia, akidhani atamtajirisha. Akamwomba baba idhini. Baba hakukubaliana kabisa na wazo hilo. Alifunga safari haraka kuja Vienna, na kwa kuwa alidhani huenda jambo limekwisha kufanyika, aliingia chumbani na kumuuliza mwanawe kama anasikia maumivu na kama anaweza kutembea. Alipomkuta mzima alimshukuru Mungu na kukataa katakata. Fundi wa magurudumu kutoka kijijini aliona alichokuwa hakioni kiongozi wa muziki wa kanisa kuu.

Mwisho ulikuja Novemba 1749. Haydn, aliyekuwa na mkasi mpya mkononi, alikata mkia wa nywele wa mvulana aliyekaa mbele yake. Reutter alitoa hukumu ya viboko vya kiganja. Haydn akasema, bora aondoke kuliko kuchapwa. Akajibiwa kwamba atachapwa kwanza, kisha ataondoka. Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na miaka 17, hana fedha, hana kazi, na majira ya baridi yanaingia. Utundu ulikuwa sababu iliyotajwa; sababu yenyewe ilikuwa imekaa kooni kwake kwa zaidi ya mwaka. Kwa sauti ya miaka mitatu nyuma, mkia ule wa nywele ungemalizwa kwa karipio.

Aliyemwokoa alikuwa Johann Michael Spangler, mwimbaji wa Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, ambaye hakuwa na kitu zaidi ya chumba kidogo, mke na mtoto mchanga, akampa mahali pa kulala. Baadaye Haydn alipanga darini karibu na kanisa hilo, akawa anafundisha watoto, anapiga fidla usiku mitaani, na kumpigia kinanda mwalimu wa uimbaji Nicola Porpora. Huyo Porpora, kwa mzunguko wa ajabu wa mambo, ndiye aliyekuwa amemfundisha Farinelli.

Miaka 63 baada ya Haydn kufukuzwa, mjini humohumo, mambo yalikwenda vingine. Franz Schubert aliingia kwaya ya ikulu mwaka 1808, akapewa sare na nafasi katika shule ya bweni. Tarehe 26 Julai 1812, akiwa na miaka 15, aliandika kwenye karatasi ya muziki ya misa ya Peter Winter kwamba siku hiyo Franz Schubert amewika kwa mara ya mwisho. Ni neno lilelile la jogoo alilotupiwa Haydn, ila safari hii kijana amelichukua mwenyewe. Mama yake alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Lakini hakufukuzwa, aliruhusiwa kuendelea na masomo mpaka mwaka uliofuata, na Antonio Salieri alikuwa amekwisha kuanza kumfundisha utunzi.

Turudi sasa kwa Bach, kwa sababu ni kupitia karatasi zake kwamba hadithi hii iligeuka kuwa sayansi. Mwaka 1723 aliajiriwa Leipzig kuongoza muziki wa makanisa ya mji na kuwafundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Tomaso. Wanafunzi wa bweni walikuwa kama 55, kuanzia watoto wa miaka 11 au 12 hadi vijana waliopita 20, na kila Jumapili aliwagawa katika makanisa manne. Ilimbidi ajue kila mmoja yuko wapi kisauti. Tarehe 23 Agosti 1730 aliwaandikia madiwani waraka mkali akieleza kwamba kwaya nzuri inataka angalau watu watatu kwa kila sauti, ili mmoja akiugua kazi iendelee. Mwishoni akaorodhesha wavulana kwa majina na kuwagawa: 17 wanafaa, 20 hawajafaa bado, 17 hawafai kabisa. Ni maneno mazito kuyasema juu ya watoto, na nadhani yalielekezwa zaidi kwa madiwani waliowaingiza shuleni bila kupima sauti zao. Hata hivyo mwezi uliofuata, Septemba 17, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, ilisikika kantata yake namba 51, utungo wa ibada wa sauti na ala, yenye sauti moja tu ya juu inayopanda hadi C ya juu kabisa ikishindana na tarumbeta. Ni kazi inayowatoa jasho wanawake wenye mafunzo ya miaka 20.

Orodha za waimbaji wa Leipzig zilikaa kwenye nyaraka kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1970 mtafiti S. F. Daw alizichambua kwa swali ambalo wanamuziki hawakuwahi kuuliza: mvulana huyu alikuwa na umri gani alipoacha sauti za juu na kuhamia za wanaume? Kwa miaka ya 1727 hadi 1749 alipata umri wa karibu miaka 17. Wavulana wa London waliopimwa mwaka 1959 walikuwa wanavunja sauti wakiwa na miaka 13 na miezi michache. Haydn wa miaka 17, ambaye huonekana kama aliyechelewa, alikuwa kijana wa kawaida wa wakati wake.

Maelezo ya tofauti hiyo yako hasa katika chakula na maradhi. Mwili wa mtoto huanza kubalehe ukishapata akiba ya kutosha. Mtoto anayekula kidogo, anayeugua mara kwa mara na anayetembea kwenye theluji akiimba barabarani kuchanga fedha za shule, kama walivyofanya wavulana wa Leipzig, hukua polepole. Daw aliona hata vita kwenye orodha zile: katika miaka ya vita vya urithi wa Austria, vilivyoanza mwaka 1740, sauti zilichelewa zaidi kubadilika. Kwa hiyo uzuri ule wa sauti za juu za wavulana wa miaka 16, wenye akili ya muziki ya mtu mzima katika koo la mtoto, kwa sehemu ulitokana na njaa. Hilo huniuma kila nikisikiliza kantata zile, na bado nazisikiliza.

Muda huo wote swali la walimu lilibaki: afanye nini kijana sauti inapovunjika, aendelee kuimba au anyamaze? Mwalimu wa uimbaji Manuel García alitoa jibu la kunyamaza. Ni yeye ambaye mwaka 1854, kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, alifanikiwa kuziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi, na mwaka uliofuata akaieleza Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, alichokiona. García alishikilia kwamba koo linalokua lipumzishwe kabisa, na aliishi miaka 101 akilitetea neno hilo. Daktari wa koo Morell Mackenzie alimpinga katika miaka ya 1880: hakuna kiungo kingine cha mwili tunachokizuia kufanya kazi kwa sababu kinakua, alisema, maadamu kazi yenyewe ni ya kiasi. Waliyumba walimu kati ya wawili hao kwa miongo mingi, na shule nyingi zilichagua kimya. Kijana aliambiwa akae pembeni hadi sauti itulie. Wengi walikaa pembeni, hawakurudi.

Aliyevunja ukimya huo kwa vitendo ni Irvin Cooper, Mwingereza aliyefundisha Montreal nchini Kanada kisha Florida huko Marekani katikati ya karne ya 20. Aliona kwamba tatizo halikuwa koo la kijana. Lilikuwa nyimbo zilizoandikwa kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya wanaume, bila kumwandikia aliye katikati. Akatunga na kupanga nyimbo zenye sehemu maalumu kwa sauti hiyo, zisizopanda wala kushuka mno, na akaiita kambiata. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Cooksey aliligawa badiliko zima katika hatua, tangu sauti isiyoguswa hadi sauti mpya iliyotulia, akionyesha kwamba zinafuatana kwa mpangilio ambao mwalimu anaweza kuufuatilia. Kwanza noti za juu kabisa hupungua, kisha sauti hushuka ngazi kwa ngazi, kisha kwa kipindi kifupi huanguka kwa kasi, ndipo hutulia. Wengine hupita hatua zote kwa mwaka mmoja na zaidi, wengine kwa miezi michache. Mwalimu anayewasikiliza mmoja mmoja kila baada ya wiki kadhaa anaweza kumhamisha kila mtu mahali anapoweza kuimba bila kujiumiza. Mackenzie alikuwa karibu na ukweli kuliko García.

Mwaka 1971 waongozaji wa muziki Nikolaus Harnoncourt na Gustav Leonhardt walianza kurekodi kantata zote za kanisa za Bach, karibu 200, kwa njia ambayo zilisikika Leipzig: ala za wakati ule, na wavulana kwenye sauti ya kwanza. Waliwatoa katika kwaya za Vienna, Hannover na Tölz. Kazi ilimalizika mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa hesabu ya umri hakuna mvulana aliyeimba sauti ya kwanza mwanzoni ambaye angeweza kuiimba mwishoni. Kila baada ya miaka miwili au mitatu ilibidi atafutwe mwingine, afundishwe, na arekodiwe kabla hajafika miaka 14. Ukizisikiliza sahani zile kwa mfululizo unawasikia wakipokezana. Wengine wanatetemeka kwenye noti za juu, pumzi inawaishia, lakini wapo wanaoimba kwa ujasiri unaostahili jina la Leipzig. Mvulana wa sasa ana miaka minne au mitano tu ya kujifunza kabla sauti haijaondoka, pale ambapo wenzake wa zamani wangeweza kuwa na minane. Walipofika kwenye kantata ya 51, Leonhardt hakumpa mtoto. Aliimba mwanamke, Marianne Kweksilber.